Barua za Balozi wa Kwanza wa Marekani Unguja

Mshonaji wa nguo wa Kawangware akitajiwa kitambaa cha "amerikani" ajua mara moja kinachotakiwa: ni kile kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi wala nakshi, kifaacho kwa kazi nyingi. Neno hilo limo katika kamusi zetu, na limesemwa na mababu zetu kabla reli haijafika Nairobi. Lakini walio wengi hawajui jinsi lilivyoingia katika lugha ya Kiswahili. Halikuja na waalimu wala halikuja na vitabu. Lilikuja katika matumbo ya merikebu za matanga, pamoja na barua za mtu mmoja aliyekaa Unguja miaka saba, naye ni Bwana Richard Palmer Waters, balozi wa kwanza wa Marekani katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki.

Barua zake nyingi, pamoja na kitabu alichoandika humo mambo yake ya kila siku, zimehifadhiwa na nyumba ya makumbusho ya mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa historia, Norman Bennett na George Brooks, walizipiga chapa baadhi yake pamoja na nyaraka nyingine za wafanyabiashara wa pande zile. Mtu azisomaye huona mambo mawili kwa pamoja: huona Unguja ya zamani ilivyokuwa, na tena huona moyo wa mtu aliyejaribu kutumikia mabwana wawili.

KARANI ASIYEKUWA KARANI

Kabla ya kumtaja Waters, yafaa kumtaja aliyemfungulia njia. Katika mwaka 1828 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Portsmouth, jina lake Edmund Roberts, alikuwa Unguja na bidhaa zake. Biashara haikumwendea vema, akaona kwamba Waingereza walipata heshima na nafasi kuliko Wamarekani. Alikwenda akamweleza Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, naye Seyyid akamwambia kwamba angependa kufanya mapatano na serikali ya Marekani.

Roberts hakuliacha neno hilo lianguke chini. Aliporudi kwao aliandika kwa rafiki yake Levi Woodbury, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Bunge na baadaye akawa waziri wa manowari. Hata mwaka 1832 Rais Andrew Jackson akamtuma kwa siri, katika manowari iitwayo Peacock, aende kufanya mapatano na wafalme wa Mashariki. Na ili siri isijulikane, jina lake liliandikwa katika daftari ya merikebu kuwa yeye ni karani wa nahodha. Basi karani yule ndiye aliyebeba barua za Rais. Wakati alipokuwa safarini aliandika barua kwa watoto wake waliobaki nyumbani, kwa kuwa mama yao alikuwa amekwisha kufariki.

Kazi yake haikuwa rahisi. Katika nchi ya Vietnam maofisa wa mfalme walibishana naye juu ya maneno ya barua na majina ya heshima, mpaka akaondoka mikono mitupu. Lakini kwa mfalme wa Siam alipata mapatano mwezi wa Machi 1833, na alipofika Maskati mambo yakawa mepesi kuliko alivyotazamia. Siku chache tu baada ya kutia nanga, tarehe 21 Septemba 1833, mkataba ulitiwa sahihi.

MKATABA WA MASKATI

Mkataba huo ulikuwa mfupi, lakini ulibadili biashara ya pwani yetu yote. Wamarekani walipewa ruhusa ya kuingia katika bandari zote za Seyyid na kununua na kuuza na mtu yeyote, ila bunduki, baruti na risasi zisiuzwe Unguja kwa mtu mwingine isipokuwa serikali. Ushuru wao ulikuwa asilimia 5 ya mali iliyoteremshwa, bila malipo mengine ya bandari. Tena walipewa haki ya kuweka mabalozi, ambao ndio watakaoamua magomvi baina ya Wamarekani wenyewe.

Kuna jambo moja katika mkataba huo ambalo latupasa kulikumbuka, kwa kuwa laonyesha adabu ya watu wa Mashariki. Roberts alitaka iandikwe kwamba merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika nchi za Seyyid, serikali ya Marekani italipa gharama za kuwatunza mabaharia waliookoka. Seyyid akakataa. Alisema si desturi ya Waarabu kumtoza mgeni aliyepatwa na msiba. Basi ikaandikwa kwamba watu hao watatunzwa kwa gharama ya Seyyid mwenyewe mpaka warudi kwao. Haukupita muda mrefu kabla ya sharti hilo kujaribiwa, maana mwaka 1835, Roberts alipokuwa akirudi na mkataba uliokwisha kukubaliwa na Bunge la kwao, manowari ile ile ya Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Roberts akaenda Maskati kwa mashua ndogo, na Seyyid akawasaidia kama alivyoahidi. Roberts hakuiona tena nchi yake, maana alifariki kwa maradhi huko Macao, mwezi wa Juni 1836.

BWANA WATERS AFIKA UNGUJA

Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu za kigeni 41 zilitia nanga Unguja, na 32 katika hizo zilikuwa za Marekani. Nyingi zilitoka mji mmoja tu, yaani Salem. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba balozi wa kwanza alichaguliwa katika watu wa mji huo. Waters alizaliwa mwaka 1807. Alipofika Unguja, mwezi wa Machi 1837, alikuwa hajatimiza miaka thelathini na moja.

Msomaji asidhani kwamba balozi huyo alikuja kama mabalozi wa siku hizi wanavyokuja, na magari, makarani na posho. Serikali yake haikumpa mshahara. Ilimpa bendera, muhuri na barua ya kumtambulisha, kisha ikamruhusu ajipatie riziki kwa biashara. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabalozi wengi wa Marekani wa daraja yake mpaka Bunge lao lilipotunga sheria mwaka 1856 ya kuwalipa mishahara baadhi yao. Kwa hiyo Waters aliandika barua za namna mbili. Namna ya kwanza zilikwenda kwa John Forsyth, Waziri wa Mambo ya Nje, zikieleza habari za merikebu zilizoingia na kutoka na hali ya mapatano. Namna ya pili zilikwenda kwa matajiri wa Salem, zikieleza bei ya pembe, sandarusi na ngozi, na kuagiza vitambaa, baruti na nyaya za shaba.

Katika siku hizo barua ilikuwa na safari ndefu. Mfereji wa Suez haukufunguliwa mpaka mwaka 1869, kwa hiyo merikebu ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikachukua miezi mitatu au minne, na pengine zaidi. Mtu aliyeuliza bei ya pembe mwezi wa Januari alishukuru akipata jibu kabla ya mwaka kwisha. Na kwa kuwa merikebu zilizama, mwandishi mwangalifu aliandika nakala, akaipeleka kwa merikebu ya pili. Wakati jibu lilipofika, bei ilikwisha badilika, na pengine aliyeuliza alikwisha kufa kwa homa. Basi ilimpasa mtu wa Unguja kukata shauri mwenyewe na kuandika sababu zake kwa uwazi, ili wakubwa wake watakaposoma baadaye wapate kufahamu.

VITI VIWILI, MTU MMOJA

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Balozi ni mlinzi wa Wamarekani wote katika bandari; lakini mfanyabiashara humlinda tajiri wake tu. Waters alifanya kazi pamoja na matajiri fulani wa Salem, na kila merikebu ya tajiri mwingine iliyotia nanga ilikuwa mshindani wake.

Tena alifanya urafiki wa biashara na Jairam Shivji, Mhindi wa asili ya Kachchh, aliyekodisha forodha ya Unguja kwa Seyyid. Mtu huyo alikuwa na nguvu kubwa sana. Kila frasila ya mali ilipita mkononi mwake. Yeye ndiye aliyeweza kupata wachukuzi na mashua za kuteremshia shehena, na wafanyabiashara wadogo walimwogopa. Balozi na mkuu wa forodha wakisikilizana, nani atauza kitu bila ridhaa yao? Wafanyabiashara wengine walilalamika sana: Robert Norsworthy, wakala wa kampuni ya Kiingereza, na baadhi ya Wamarekani wenyewe. Walisema kwamba njia ya biashara imefungwa, na kwamba aliyewekwa kuufungua mlango ndiye anayeuzuia.

Mwaka 1841 Uingereza nayo ikamleta balozi wake, Kapteni Atkins Hamerton, naye hakupatana na Waters hata kidogo. Kila mmoja alimwandikia mkubwa wake juu ya mwenziwe. Ukiweka barua za wawili hao pamoja, wadhani wanaishi katika visiwa viwili mbalimbali.

Haifai kumhukumu Waters kwa haraka. Serikali iliyomnyima mshahara na kumpa muhuri ilimweka katika majaribu. Lakini wasomaji walio makarani wafahamu jambo hili vema: mtu mwenye muhuri wa serikali katika mkono mmoja na mizani ya duka katika mkono wa pili hawezi kuaminiwa na watu, hata ikiwa mizani yake ni sawa. Na mkulima aliyepeleka mazao sokoni, akakuta mpimaji na mnunuzi ni mtu mmoja, hahitaji kufundishwa habari hiyo.

MZIGO WA DHAMIRI

Shindano la biashara lilikuwa taabu ya nje. Taabu nyingine ilikuwa ya ndani. Waters alikuwa Mkristo mwenye bidii, asomaye Biblia na kuiheshimu siku ya Jumapili, na kabla ya kuja alikuwa amejiunga na watu wa kwao waliotaka utumwa ukomeshwe. Na sasa amewekwa katika mji ambao soko la watumwa lilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Aliwaona wakiletwa kutoka bara kwa majahazi na kuhesabiwa kwenye forodha, ile forodha ya rafiki yake Jairam.

Katika shajara yake aliandika huzuni yake. Lakini aliandika na neno jingine, ambalo lamfanya astahili kusomwa mpaka leo. Alikiri kwamba hana uso wa kuwakemea wenye biashara ile, maana akikumbuka mamilioni ya watumwa waliomo katika nchi yake mwenyewe, atasema nini?

Jambo hilo lilikuwa kweli kuliko alivyoandika. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilipandwa na kuchumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kitambaa hicho kilisafirishwa mpaka Unguja, kikapelekwa bara, kikabadilishwa kwa pembe, na pembe nyingi zilichukuliwa begani mpaka pwani na wapagazi, ambao baadhi yao walikuwa watumwa. Kisha pembe zikaenda Marekani kutengenezwa vitana na vibao vya piano. Sandarusi ilichimbwa katika mchanga wa Mrima, ikasafishwa katika kiwanda cha Salem na kufanywa vanishi ya kung'arisha meza za watu wastaarabu. Waters alisimama katikati ya mnyororo huo, pete moja upande huu na pete nyingine upande ule. Alichukia utumwa, na faida yake ilitoka kwake. Hakuiacha biashara, lakini hakujificha asijione.

Katika Marekani utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1865, baada ya vita ya miaka minne. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

MERIKEBU YA SEYYID YAENDA NEW YORK

Wakati wa ubalozi wa Waters, Seyyid Said alifanya jambo ambalo Wamarekani hawakulitazamia. Badala ya kungoja merikebu zao zije, alipeleka ya kwake. Merikebu hiyo iliitwa Sultana, nayo ilijengwa Bombay. Tarehe 30 Aprili 1840 ilifika New York, na ndani yake alikuwa mjumbe wake Ahmad bin Naaman, pamoja na shehena ya tende, kahawa, karafuu, pembe na ngozi. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba.

Ahmad alichukua barua ya Seyyid kwa Rais Martin Van Buren, na zawadi: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mazulia, upanga na manukato. Katiba ya Marekani yamkataza Rais kupokea zawadi ya mfalme bila ruhusa ya Bunge, kwa hiyo Bunge likaamua zawadi zile zipokewe kuwa mali ya taifa, si mali ya Rais. Serikali nayo ikaitengeneza Sultana upya bila kutoza kitu, ikarudi Unguja na zawadi kwa Seyyid. Picha ya Ahmad bin Naaman iliyochorwa New York na Edward Mooney imehifadhiwa na nyumba ya makumbusho ya Salem, ile ile yenye barua za Waters.

Angalieni tofauti ilivyo. Rais mwenye nchi kubwa hakuweza kujichukulia hata farasi mmoja, maana sheria ilimzuia. Na balozi wake Unguja aliachwa atafute riziki apendavyo. Nchi ile ile ilikuwa na hekima juu ya jambo moja, na upofu juu ya jambo jingine.

AMERIKANI YAFIKA DAGORETI

Msomaji wa Kawangware aweza kuuliza: Habari za Unguja na Salem zinahusu nini nchi hii ya baridi, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani? Jibu lake ni kitambaa. Amerikani ilipendwa kwa kuwa ilikuwa nzito na ya kudumu, nayo ikawa kama fedha katika safari za bara. Misafara haikuchukua riale nyingi. Ilichukua majora ya nguo, shanga na nyaya, ikapima nguo kwa mkono na kununulia chakula.

Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilipumzika penye Ngong na mpakani mwa nchi ya Wakikuyu, ili kununua nafaka, maharagwe na viazi kwa safari ya mbele. Mwezi wa Oktoba 1890 Kapteni Lugard, aliyetumwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga boma Dagoreti, katika eneo ambalo Kawangware imo ndani yake, baada ya kufanya mapatano ya udugu na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Watu wa boma walianza kunyang'anya walichopasa kununua, wenyeji wakakasirika, na boma likaachwa mwaka uliofuata. Waiyaki alikamatwa mwaka 1892, akafariki Kibwezi akipelekwa pwani.

Wakati huo nguo nyingi zilizoitwa amerikani hazikutoka Marekani tena. Vita ya 1861 hadi 1865 ilikata pamba ya viwanda vya Massachusetts, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia mahali pao. Wamarekani walipoteza soko, lakini jina lao likabaki katika nguo ya watu wengine. Mwaka 1915 hata ubalozi wao wa Unguja ulifungwa, usifunguliwe tena mpaka 1961.

MWISHO WA BWANA WATERS

Waters aliacha kazi mwaka 1844, akarudi kwao akiwa mtu mwenye mali. Alinunua shamba karibu na Salem, katika mji wa Beverly, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1887. Aliyeanza na merikebu na pembe alimaliza na jembe na mifugo.

Mabalozi waliomfuata waligombana pia. Charles Ward alilalamika kwamba Wamarekani wanazuiwa kununua pembe na sandarusi Mrima, ijapokuwa mkataba wa 1833 ulifungua bandari zote. Mwaka 1850 akaondoka kwa hasira kwa sababu mizinga ya salamu haikupigwa siku ya sikukuu ya taifa lake, na manowari Susquehanna ikaja mwisho wa mwaka 1851 kudai heshima ya bendera. Roberts alipata mkataba kwa maneno ya upole katika siku chache. Waliomfuata walikaribia kuupoteza kwa ajili ya mizinga.

Basi barua hizi zafundisha nini? Kwanza, zafundisha thamani ya kuandika na kuhifadhi. Bei za sandarusi zilizoandikwa na mtu mwenye homa, akingoja merikebu, zimekuwa chemchemi ya historia yetu. Laiti Jairam Shivji, wapagazi wa Mrima na wazee wa Dagoreti nao wangeacha masanduku ya barua kama Waters, tungalijua habari hizo kwa pande zote. Karani anayetunza faili, na mkulima anayeandika katika daftari idadi ya magunia na tarehe ya mvua, wasidhani wanafanya kazi ndogo.

Pili, zafundisha kwamba mtu mwema katika kazi iliyopangwa vibaya hupata aibu. Waters hakuwa mwizi, na wala hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa madaraka bila mshahara na bila mpaka, naye akajaza nafasi iliyoachwa wazi. Dawa ya jambo hilo si kutafuta malaika wa kukaa kitini. Dawa yake ni kutenga kiti cha serikali na kiti cha duka, kumlipa mtumishi haki yake, na kisha kumdai uaminifu kamili.